Uso Unaotafuta Riziki

Mwaka 1864, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la New York alisajili hakimiliki ya picha zake kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Marekani ilikuwa bado haijazitaja waziwazi picha za kamera. Ilifanya hivyo mwaka uliofuata. Sojourner Truth hakujua kusoma wala kuandika, na umri wake ulikuwa umepita miaka 60. Alizunguka miji ya kaskazini akihutubia dhidi ya utumwa na kudai haki za wanawake, na mikutanoni aliuza picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi. Anaonekana ameketi kwa utulivu, shali mabegani, kitambaa cheupe kichwani, miwani usoni, na uzi wa kufuma mkononi. Maneno yaliyopigwa chapa chini ya picha yalieleza kwamba anauza kivuli ili mwili upate kuishi.

Kwa kawaida kadi za aina hiyo zilibeba jina la studio. Truth aliweka la kwake.

Leo wakili wa Nairobi, mshauri wa fedha wa Dar es Salaam, mpishi anayetafuta wateja mtandaoni na mwigizaji anayesubiri kuitwa kwenye usaili wote wanalipia kitu kilekile: picha moja ya uso itakayotangulia mbele yao na kuwaombea kazi. Wengi huiona kama zao la simu na intaneti. Lakini biashara ya kuutuma uso ukatafute riziki ina zaidi ya miaka 160, na tangu mwanzo imeandamwa na swali ambalo Truth alilijibu kwa kadi zake: ni nani mwenye kuamua uso uonekane vipi, uitwe nani, na faida yake iende kwa nani.

Picha za kwanza za watu hazikufaa kwa kazi hiyo. Njia iliyotangazwa na Louis Daguerre mjini Paris mwaka 1839 ilitoa picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilikuwa nzuri ajabu, lakini haikuwa na nakala. Kamera nazo zilihitaji muda mrefu wa mwanga, kwa hiyo mteja alishikiliwa kichwa kwa chuma kilichofichwa nyuma ya shingo ili asitikisike. Ukali wa nyuso katika picha nyingi za zamani unatokana kwa sehemu na subira hiyo. Hakuna awezaye kulishika tabasamu bila kutikisika kwa muda mrefu hivyo.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alionyesha jinsi ya kupata negativu kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kutoka kwenye kioo kimoja zikaweza kutoka nakala za karatasi bila idadi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 27 Novemba 1854, mpiga picha wa Paris aliyeitwa André-Adolphe-Eugène Disdéri alipewa hataza ya wazo lililogeuza ufundi huo kuwa biashara. Kamera yake ilikuwa na lenzi kadhaa, na kwenye kioo kimoja iliweza kuchukua hadi picha nane. Karatasi ilisafishwa mara moja, ikakatwa vipande, na kila kipande kikabandikwa kwenye kadi yenye upana wa sentimita 6 na nusu hivi na urefu wa 10, kipimo cha kadi ambazo watu waungwana waliacha mlangoni walipomtembelea mtu. Kazi iliyohitaji vioo vinane sasa ilimalizika kwa kimoja, na bei ikashuka.

Hapo ndipo uso ulipokuwa bidhaa ya dukani. Mwaka 1860 mpiga picha John Mayall alichapisha London picha za Malkia Victoria na familia yake, na watu wa kawaida wakazinunua wakazitia kwenye albamu pamoja na za shangazi na binamu zao. Waigizaji, waimbaji, wahubiri na majenerali wakaelewa haraka. Mwigizaji ambaye sura yake ilipangwa dirishani mwa duka la vitabu alikuwa anatangazwa mchana kutwa bila kulipa mtu wa kupiga mbiu. Disdéri mwenyewe hakunufaika hadi mwisho, kwa sababu mbinu yake ilikuwa rahisi kuigwa na kila mtaa ukapata studio. Alifariki mwaka 1889 akiwa fukara.

Wanasiasa hawakubaki nyuma. Tarehe 27 Februari 1860, wakili mrefu kutoka Illinois aliingia studio ya Mathew Brady mjini New York, saa chache kabla ya hotuba aliyoalikwa kuitoa katika ukumbi wa Cooper Union. Wapinzani wa Abraham Lincoln walimchora kama mshamba mwenye sura mbaya. Brady alimsimamisha wima, mkono mmoja juu ya vitabu, akampandishia ukosi wa shati ili kuifupisha shingo yake ndefu, kisha akailainisha mikunjo ya uso wakati wa kusafisha picha. Hotuba ilipopendwa na magazeti yakataka sura ya mtu huyo, picha ilikuwa tayari. Ilichongwa upya kwa ajili ya majarida, ikachapishwa kwenye mabango na beji za uchaguzi. Brady alisimulia baadaye kwamba Lincoln mwenyewe aliitaja picha ile pamoja na hotuba ile kuwa ndizo zilizomwingiza ikulu.

Aliyefikiri kwa kina kuliko wote juu ya jambo hili ni Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mwandishi na msemaji mkuu wa Wamarekani weusi. Watafiti wamehesabu picha zake zipatazo 160, idadi inayomfanya kuwa Mmarekani aliyepigwa picha nyingi zaidi katika karne ya 19. Mwaka 1849 aliandika kwamba watu weusi hawawezi kutarajia haki mikononi mwa wachoraji weupe, kwa kuwa mchoraji huchora kile ambacho tayari anakiamini. Kamera aliiona tofauti, na mwaka 1861 alitoa mhadhara mzima mjini Boston kuhusu picha na nguvu zake. Katika picha zake anavaa koti lililokatwa vizuri na anaukazia macho upande aliouchagua. Karibu kamwe hatabasamu. Magazeti na matangazo ya wakati ule yalijaa michoro ya mtumwa anayechekelea bwana wake, na Douglass hakukubali uso wake ufananishwe nayo hata mara moja.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema, na kwa njia ya mtu ambaye Wazanzibari wanamjua vizuri. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, na akahamia Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Huko alipigwa picha studio akiwa amevaa mavazi ya kifalme ya nyumbani kwao, suruali, kanzu yenye nakshi na mapambo ya kichwani. Mumewe alipofariki mwaka 1870 alibaki na watoto watatu katika nchi ngeni. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na sura ile ya binti mfalme ikawa inakwenda pamoja na jina lake kila kitabu kilipokwenda. Ulaya ilitamani kumwona mwanamke wa Mashariki. Yeye aliwapa anayejua anachokisema, mwenye nasaba, tarehe na hoja.

Unguja kwenyewe, mwishoni mwa karne ya 19, wapiga picha wenye asili ya Goa walikuwa wamefungua studio Mji Mkongwe. Majina ya A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord yanaonekana hadi leo yamepigwa chapa kwenye kadi na kingo za picha zilizohifadhiwa katika majumba ya kumbukumbu. Masultani walikwenda kwao, na mabalozi, na matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Waswahili wa mjini nao walikwenda, wakiwa wamevaa walichotaka kionekane: kanzu na joho, kofia iliyodariziwa, kanga mpya, saa ya mfukoni, mwavuli. Picha iliyotoka hapo ilitumwa kwa jamaa wa Mombasa, Lamu, Bombay au Muscat na kueleza bila maneno kwamba mhusika yu mzima na mambo yake yako sawa.

Lakini studio hizohizo ziliuza kadi za posta, na hapo mambo yaligeuka. Msichana aliyeegemea kiti cha studio aliuzwa kwa watalii na mabaharia bila jina lake, akiwa na maandishi ya Kizungu yanayomtaja kama mrembo wa Kiswahili au mfano wa kabila fulani. Nakala zake zilifika London na Berlin. Yeye hakupata senti kwa kila kadi, na wajukuu zake leo hawana njia ya kumtambua. Kamera ni ileile, na pazia la nyuma ni lilelile. Tofauti ilikuwa katika nani aliyeiagiza picha.

Serikali nazo zilikuwa zimegundua faida ya uso. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris aliweka utaratibu wa kumpiga mshukiwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa umbali na mwanga usiobadilika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Marekani na Uingereza zikaanza kudai picha kwenye pasipoti, na nchi nyingine zikafuata. Kenya ya kikoloni ilichagua kiungo kingine: kipande, kilichoenea kuanzia mwaka 1920, kilichukua alama za vidole za wanaume Waafrika na kuwalazimisha kukivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mteja wa studio huulizwa anataka aonekane vipi. Aliyepewa kipande hakuulizwa lolote.

Picha ya pasipoti ndiyo iliyokuja kulisha studio nyingi za Afrika Mashariki. Shule, hospitali, benki, chama cha ushirika, vyote vilitaka sura ya mbele, masikio yaonekane, nyuma kuwe peupe. Hata leo ofisini ukiambiwa ulete picha mbili za paspoti saizi, unarithi kanuni ambazo mizizi yake iko katika mpaka wa vita na meza ya polisi.

Wakati huohuo, upande wa pili wa ufundi ulikuwa unakua kwa kasi huko sinema zilikotengenezwa. London, mwaka 1927, kilianza kuchapishwa kitabu kilichoitwa Spotlight, chenye picha za waigizaji na majina yao, ili watayarishaji wachague kwa kufungua kurasa. Hollywood ilianzisha orodha yake mwaka 1937. George Hurrell, aliyeajiriwa na kampuni ya MGM mwaka 1930, alifanya kazi kwa negativu kubwa za inchi 8 kwa 10 na taa moja kali iliyoning'inizwa juu kwenye mkono mrefu, ili kivuli kiangukie chini ya pua na mashavu. Joan Crawford alikuwa na madoadoa usoni. Alikaa mbele ya Hurrell bila poda nyingi, kisha fundi akayaondoa madoa moja baada ya jingine kwa ncha ya penseli kwenye negativu. Programu za leo zinazolainisha ngozi kwa mguso mmoja zinafanya kwa haraka kile kilichofanywa kwa saa nyingi na mkono wa mtu.

Umbali kati ya mpiga picha na mwenye uso ulionekana vizuri kabisa mjini Ottawa tarehe 30 Desemba 1941. Yousuf Karsh, Muarmenia aliyekimbilia Canada akiwa kijana, alipewa dakika chache na Winston Churchill baada ya hotuba bungeni. Churchill hakutaka kuitoa sigara mdomoni. Karsh alisogea, akaomba radhi, akaichomoa mwenyewe, akarudi kwenye kamera na kupiga. Uso uliokunja ndita kwa hasira ya kunyang'anywa sigara ukasomwa duniani kote kama uso wa Uingereza isiyokubali kushindwa, na tangu mwaka 2016 umo kwenye noti ya pauni 5. Churchill alikuwa na uwezo wa kuikataa picha hiyo. Hakufanya hivyo.

Katika miaka hiyohiyo pwani yetu ilipata mafundi ambao kazi zao sasa zinaonyeshwa katika majumba ya sanaa. Ranchhod Oza, aliyejifunza ufundi Unguja, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe akaiendeleza Mji Mkongwe. Alipiga picha za kasri ya sultani na vilevile za familia zilizokuja Idi na harusi. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio mwaka 1942. Wateja wake walikuwa Waswahili, Waarabu, Wahindi na watu wa bara, na wengi walikuja na wazo kamili kichwani: pozi la nyota wa filamu ya Kihindi, mkono kidevuni, macho yakitazama mbali, nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta zikameta. Parekh alitega taa kulifuata wazo hilo. Lamu, miaka ya baadaye, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi. Katika chumba chake cha giza alizikata na kuziunganisha picha, akizipa nyuso za wateja wake mahali ambapo kamera isingeweza kuwafikisha.

Picha nyingi katika studio hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mafundi wake walizijua ngozi za wateja wao, kuanzia aliyeiva weusi hadi maji ya kunde. Waliupima mwanga kwa macho ya watu wanaoishi nao. Filamu ya rangi ilipoenea, ilikuja na vipimo vya watu wengine. Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na rangi zote zilirekebishwa hadi ngozi yake itoke sawa. Mtu mweusi aliyekaa kando ya mweupe katika picha moja alibaki macho na meno. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Canada, alizungumza na wafanyakazi wa zamani wa Kodak na kueleza kilichoisukuma kampuni kuboresha filamu: malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti ya chokoleti nyeusi na ya maziwa, au ya mbao za aina mbalimbali. Mamilioni ya wateja weusi walikuwa wamekwisha kulipia picha zao kwa miaka mingi.

Kampuni ya Polaroid iliuza kamera ya vitambulisho yenye kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliihitaji kwa vitabu vya pasi ambavyo kila mtu mweusi alilazimika kuvibeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo wakiwa kazini na kuanza kampeni ya kuisusia kampuni yao wenyewe. Hunter alifukuzwa. Mwaka 1977 Polaroid iliondoka Afrika Kusini. Watu hao wawili wanastahili nafasi katika historia ya picha ya uso sawa na wavumbuzi wa lenzi.

Picha ya kikazi ya leo ni mtoto wa koo mbili, ya pasipoti na ya studio. Kutoka pasipoti imechukua ukaribu, pazia tupu na macho yanayoielekea lenzi. Kutoka studio imechukua bega lililogeuzwa kidogo, taa ya pembeni, kidevu kilichosogezwa mbele ili shingo ijinyooshe, na urekebishaji baada ya kupigwa. Mtandao wa LinkedIn ulipoanza mwaka 2003 haukuwa na picha za wanachama. Ziliongezwa mwaka 2007, na tangu hapo mwajiri huona uso kabla hajasoma mstari wa pili wa wasifu. Ofisi za Upper Hill, Nairobi, na Posta, Dar es Salaam, zikaanza kuita wapiga picha wapange taa kwenye chumba cha mikutano na kuwapiga wafanyakazi wote kwa siku moja. Fundi mzuri wa kazi hiyo anajua kwamba ngozi nyeusi hung'aa kwa mwanga mpana ulio pembeni, kwamba pazia jeusi humeza nywele mpaka taa ndogo iwekwe nyuma, na kwamba alama ya asili usoni haifutwi bila kumuuliza mwenyewe.

Hilo la mwisho lina uzito mpya. Sasa kuna programu zinazopokea picha chache za simu na kurudisha sura iliyovishwa suti. Mwaka 2023, mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT mwenye asili ya Asia aliiomba programu moja iifanye picha yake ionekane ya kikazi zaidi. Ikamrudishia mwanamke wa kizungu mwenye macho ya buluu. Hakuna mtu aliyekusudia kumdhalilisha. Mashine ilikuwa imejifunza kutoka kwenye rundo la picha zilizotangulia, na rundo hilo lina Shirley wengi kuliko wateja wa Parekh.

Sheria, kwa upande wake, imeanza kumtambua mwenye uso. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha ya kwake mwaka 2022. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kutangaza biashara yake mtandaoni kwa picha ya mteja ambaye hakuombwa ridhaa. Shule moja nayo ilitozwa zaidi ya milioni 4 kwa picha za watoto zilizotumika bila idhini ya wazazi. Mpiga picha wa Nairobi anayetaka kuupamba ukurasa wa studio yake kwa sura ya mteja lazima sasa amuulize kwanza, na chini ya sheria hiyo mteja anaweza kuiondoa ruhusa yake hata baada ya kuitoa.